Seva zikiongezwa Dar, mkulima wa Muleba anapata nini?

Siku hizi mnada wa kahawa Kagera ni wa mtandaoni. Wanunuzi wanaweka bei kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), wakulima wamekaa kwenye mkutano wa AMCOS wakisubiri bei isomwe. Jasho la mwaka mzima linategemea kitu ambacho wengi wao hawajawahi kukiona: seva.

Na si kahawa tu. Mbolea ya ruzuku tangu 2022 inataka namba ya mkulima iliyo kwenye mfumo. Ushuru wa halmashauri unataka namba ya malipo ya GePG. Mtandao ukiganda, mtu aliyetoka Kamachumu na bodaboda hadi Muleba mjini anarudi mikono mitupu.

Ndiyo maana tukisikia “uwezo wa kuhifadhi data umeongezwa” tunafurahi. Sawa, lakini tuulize vizuri.

Ghala moja, seva nyingi

Zamani ulinunua kompyuta moja kubwa, ikijaa unanunua kubwa zaidi. Sasa vituo vya data vinaunganisha seva nyingi za kawaida zifanye kazi kama ghala moja. Wataalamu wanaliita klasta. Programu moja maarufu ya kazi hiyo ni Ceph. Ni ya bure, na ilianzia Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, Marekani. Ukihifadhi faili, inalikata vipande, na kwa kawaida kila kipande kinawekewa kopi 3, kila kopi kwenye seva yake.

Hapo ndipo hesabu zinapotupiga chenga. Mtu akitangaza terabaiti 300, kwa kopi 3 nafasi ya kweli ni 100. Na hata hizo 100 huzijazi zote. Ceph inaanza kulalamika diski ikifika asilimia 85, na ikifika 95 inagoma kuandika chochote kipya.

Tuseme kuna seva 3 tu. Moja ikifa, kazi inaendelea kwa kopi 2, ila ile ya tatu haina pa kujengwa upya. Ya pili ikifa, mfumo unasimama wenyewe ili usiharibu kilichobaki. Kwa hiyo seva ya nne si anasa, ni pumzi.

Sasa ukiichomeka hiyo ya nne, mtu wa nje anadhani kazi imeisha. Kumbe ndiyo imeanza. Klasta inagawana mzigo upya, na seva mpya, kama inalingana na wenzake, inabeba takribani robo ya data yote. Robo hiyo inasafiri kwenye nyaya, mara nyingi zilezile zinazohudumia wananchi. Fundi mwenye haraka akiingiza seva kadhaa kwa mkupuo, saa nne asubuhi siku ya kazi, huku kwetu tunaona kiduara kinazunguka tu kwenye simu. Wazoefu huingiza kidogo kidogo, usiku, na kupunguza kasi ya uhamishaji. Kwa Kagera ningeongeza sharti moja: msimu wa kahawa uwe umepita.

Kopi 3, jengo moja

Swali ninaloliona zito kuliko idadi ya seva ni hili: hizo kopi zinakaa wapi?

Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data (NIDC), kinachosimamiwa na TTCL, kipo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kuwa nacho ndani ya nchi si jambo dogo. Kumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikadorora nchi nzima. Kilichohifadhiwa ng’ambo kilikuwa mbali ghafla. Kilichohifadhiwa nyumbani hakihitaji kuvuka bahari.

Lakini ukiongeza seva 20 kwenye jengo moja, umejikinga na diski kufa. Hujajikinga na moto, mafuriko au umeme wa jengo zima kukatika. Sisi Kagera hatuhitaji kuhadithiwa. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopiga Bukoba, sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika mpaka zikafungwa. Kilichokuwa ofisini, karatasi au kompyuta, kilikuwa chini ya paa lilelile.

Je, si kopi moja ipelekwe Dodoma tu? Si rahisi hivyo. Ceph haisemi “imehifadhiwa” mpaka kopi zote ziwe zimeandikwa, hivyo ukiitawanya miji ya mbali kila kitendo kinasubiri safari. Njia inayofaa ni klasta ya pili kamili, inayopokea nakala baada ya ile ya kwanza. Hiyo ni gharama mara mbili, na haipendezi sana kwenye picha za uzinduzi.

Upande wetu wa waya

Hata klasta iwe nzuri vipi, kati ya Muleba na Dar kuna zaidi ya kilomita 1,300 za barabara. Aliyeko kisiwani Goziba au Bumbire ana ziwa juu yake. Umeme nao: kwa miaka mingi Kagera imetumia unaotoka Uganda kupitia Masaka na Kyaka. Ukikatika, mnara wa simu unabaki na betri na jenereta, basi.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unatokea Uganda kwa mpaka wa Mutukula na Rwanda kwa Rusumo. Mipaka yote miwili iko mkoani Kagera. Tuna milango miwili nyumbani kwetu. Kwenye vikao vya bajeti, badala ya kuuliza seva ngapi zimenunuliwa, madiwani na wabunge wa huku wangeuliza hivi: faiba ya upande wa Mwanza ikikatika siku ya mnada, bei ya kahawa ya Muleba itapita mlango gani?