Waipa za Theluji Zinatafuta Nini Kinungi?

Wakenya tunapenda gari kwa macho. Mtu atatoa elfu sitini ya rimu bila kupepesa, halafu umwambie raba za waipa zimeisha akuulize, "Kwani mvua imenyesha?" Mimi pia nilikuwa hivyo. Kisha nikapata akili nusu, ambayo ni mbaya kuliko kukosa kabisa, nikanunua waipa mpya zisizo zetu.

Mwezi Mei mwaka jana nilikuwa natoka Nakuru na mamangu, usiku, kwa Fielder ya anko. Mimi ndiye dereva wa familia. Tangu niache chuo mwaka wa pili, kila mwenye safari anakumbuka ghafla kwamba mimi "sina kazi leo". Sawa tu, bora alipe petroli. Naivasha tulifika vizuri. Tulipoanza kupanda Kinungi mvua ikaja ile ya kumwagwa na ndoo, na nyuma yake ukungu. Waipa zilikuwa na wiki tatu kwa gari. Lakini zilikuwa zinalia na kurukaruka kwa kioo badala ya kukipangusa, na kila trela likija, taa zake zinatawanyika kwa ile michirizi hadi naona nyeupe tupu.

Mama akanyamaza. Mamangu kunyamaza ndani ya gari si jambo dogo. Baadaye akasema maneno mawili: "Polepole, baba."

Nilikuwa nimeshashuka hadi 40. Hata hivyo matawi niliyaona yakiwa tayari yanaingia chini ya boneti, na ukitumia barabara zetu unajua matawi yanamaanisha nini. Lori lilikuwa limezima pale katikati, halina taa hata moja. Tuliposimama ningeweza kusoma maandishi ya mudigadi yake bila miwani.

Asubuhi nilifungua buti nikapata pakiti ya zile waipa. Imechorwa theluji. Nikakumbuka muuzaji akiniambia, "Boss, hizi ni za nguvu, zinavumilia hadi barafu." Nililipa 2,400 ya mbili nikijiona mjanja.

Sasa, waipa ya theluji si uongo. Ni kitu cha maana kabisa, huko kwao. Mtu wa Hokkaido anabadilisha waipa kama anavyobadilisha tairi, theluji ikikaribia anaweka za baridi, ikiisha anarudisha za kawaida. Waipa ya kawaida ya chuma ina viungo vidogo vinavyoifanya ifuate mkunjo wa kioo. Maji yakiingia pale na kuganda, viungo vinakwama na raba haigusi kioo sawasawa. Kwa hivyo ile ya theluji fremu yake yote imevalishwa mpira, na raba ya kupangusa ni laini zaidi ili isikauke kama mti baridi ikishuka chini ya sifuri. Kama uko Minnesota unasoma hii, nunua, na usiku ukiegesha inua mikono ya waipa isigandie kwa kioo.

Lakini hapa? Ile raba laini ikikutana na jua letu na vumbi la maramu inaisha haraka. Na lile vazi la mpira linaifanya waipa iwe nzito na nene, upepo unaishika ukikimbia barabara kuu. Kuna watu wataniambia Limuru mwezi wa Julai ni winta. Nimelala Limuru Julai. Baridi yake inagandisha watu, si maji.

Na usidhani ni wanaonunua tu. Magari mengi tunayaagiza Japani yakiwa yametumika. Ukipata gari limekuja na waipa nene iliyofunikwa mpira kote, hiyo ni ya theluji, toa. Hata ikiwa ya kawaida, haujui imekaa kwa jua la bandarini na yadi muda gani. Adui wa raba hapa kwetu ni jua, na jua linafanya kazi hata gari likiwa limesimama.

Kwa hivyo nikaenda Kirinyaga Road, Grogan ile ya spea, nikaanza upya. Fundi mmoja mzee alinionyesha kitu sikuwa najua. Ule mdomo mwembamba wa raba unafaa kulala upande mmoja waipa ikienda na kugeuka kulala upande mwingine ikirudi. Ukiwa mgumu haugeuki, unasukumwa ukiwa umesimama, ndiyo unasikia ile kelele. Ukiukunja kwa kidole na usirudi, au uone nyufa, umeisha. Mistari myembamba kwa kioo mara nyingi ni uchafu au raba iliyochanika. Na kabla ulaumu waipa, osha kioo kwa sabuni kwanza, kwa sababu moshi wa malori unaacha mafuta ambayo maji peke yake hayatoi. Mimi nilikuwa sijaosha yangu vizuri, nakubali.

Pia pima. Ya dereva na ya abiria kawaida hazilingani urefu, na ukiweka ndefu kupita kiasi zitagongana au zigonge ukingo. Ukitoa ya zamani weka kitambaa kwa kioo, maana ule mkono wa chuma una springi, ukirudi mtupu unaweza kupasua kioo na hapo ndipo utajua bei halisi ya waipa.

Kuhusu zile bapa zisizo na fremu, nazipenda, zinabonyeza kioo sawasawa na hazishikwi sana na upepo. Ila si lazima. Fremu ikiwa nzima, fundi anaweza kubadilisha raba peke yake. Mimi nililipa 300 kwa kila moja, fremu zile za zamani nilizokuwa nimezitupa stoo. Mvua ya Novemba nilipita Kinungi tena usiku na niliona laini ya barabara. Mama alikuwa ananisimulia habari ya harusi ya mtu nisiyemjua, mwanzo hadi mwisho.

Nilimwambia anko abadilishe kabla ya Machi, na kila mwaka kabla ya Machi, hata kama zinaonekana nzuri. Akasema mwezi huu amebanwa. Jumamosi amekuja na Fielder ina taa za bluu chini ya milango. Waipa ya nyuma bado haina raba, ni chuma kinachora nusu duara kwa kioo.