Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi ninayo makovu matano tumboni, madogo madogo, ambayo hapana awezaye kuyaona nikiwa nimevaa shati. Niliyapata mwezi wa Machi mwaka wa 2023, katika hospitali moja jijini Nairobi, nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzani. Siku hiyo nilikuwa na kilo 142, kisukari cha miaka tisa na shinikizo la damu. Leo nina kilo 98. Wanaoniona hudhani kuwa kisa kiliishia hapo. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwamba hapo ndipo kilipoanzia.

Si ada yangu kuanika mambo ya mwili wangu gazetini. Hata hivyo, suala lenyewe limekwisha kutoka katika chumba cha daktari na kuingia sebuleni. Katika miaka ya hivi karibuni watu mashuhuri humu nchini wamejitokeza kusimulia jinsi walivyopasuliwa au kudungwa sindano za kupunguza uzani, na picha zao za kabla na baada zimeenea kila mahali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mnamo 2022 zaidi ya watu bilioni moja duniani walikuwa na unene wa kupindukia. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka huo huo ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa kati ya miaka 20 na 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi au unene wa kupindukia, huku asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Nchi ni moja, utafiti ni mmoja, na balaa ni mbili.

Hapana shaka, basi, kwamba Wakenya watakaolala juu ya meza ya upasuaji huu wataongezeka. Iwapo wafanye hivyo au wasifanye, hilo ni baina yao na madaktari wao. Ninalouliza mimi ni hili: wakisha kuamka, watarudi katika jamii iliyojiandaa vipi kuwapokea?

Upasuaji wenyewe si jambo geni. Madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliuanzisha ule wa kuchepusha njia ya chakula mnamo 1966. Katika aina niliyofanyiwa mimi, mpasuaji hutenga sehemu ya juu ya tumbo, yenye ukubwa wa yai hivi, akaiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivi kwamba chakula huchepuka na kuiacha kando sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo. Ipo aina nyingine ambapo zaidi ya robo tatu ya tumbo hukatwa na kuondolewa kabisa, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Zote mbili hupunguza nafasi ya chakula na kubadilisha homoni zinazoamrisha njaa na shibe. Ndiyo maana kwa wengi waliochepushiwa njia ya chakula kisukari huanza kutulia hata kabla uzani haujashuka sana.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, nimejikuta nikikitafakari kitenzi kimoja ambacho mwanafunzi wa kidato cha pili hukinyambua bila taabu: pungua, punguza, punguzwa, pungukiwa. Kila umbo kati ya hayo limenifunza jambo ambalo hospitalini sikuambiwa.

Tuanze na kupungua. Katika Kiswahili cha kila siku, mwili ukipungua tunasema mtu amekonda, na kukonda ni jirani wa maradhi, dhiki na majonzi. Aliyeongeza uzani amenawiri, na kitambi cha mwanamume huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba mambo yake ni mazuri. Maana hizi hazikuzuka hewani. Sisi tulio na umri wa zaidi ya miaka arobaini tunakumbuka jinsi UKIMWI ulivyoikausha miili ya jirani zetu katika miaka ya 1980 na 1990. Nchini Uganda maradhi hayo yaliitwa Slim, yaani wembamba. Kwa hivyo nilipopoteza zaidi ya kilo 30 katika muda wa miezi sita, wenzangu idarani walianza kunyamaza kila nilipoingia chumba cha wahadhiri. Baadaye niligundua kwamba kulikuwa na daftari la mchango lililokuwa likizungushwa kisirisiri kwa ajili ya matibabu yangu, na kwamba walikuwa wamekwisha kukusanya shilingi 18,000. Sikujua nicheke au nilie.

Mama yangu, aliye kijijini huko Kakamega, hakuzunguka mbuyu. Aliniita nyuma ya jiko, akanishika kifundo cha mkono na kukipima kwa vidole vyake. "Mwanangu," akasema, "usinifiche. Nikuzike mimi?" Nakiri kuwa kosa lilikuwa langu. Sikuwa nimemwambia, maana niliona haya, na kwa kweli sikujua nimweleze kwa maneno gani.

La pili ni kupunguza. Wanaoujua ukweli hawakuniachia. Husema kuwa mimi sikupunguza, nilipunguzwa. Nilipita njia ya mkato, wakati wengine wanatoka jasho uwanjani. Wanaosema hivyo wangejaribu kuishi na njia hiyo ya mkato kwa juma moja tu. Mwanzoni ni vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilivyo laini, na chakula cha kawaida hakirudi mpaka upite mwezi mmoja na nusu au miwili. Baada ya hapo kila tonge sharti litafunwe hadi liwe uji. Protini hutangulia, angalau gramu 60 kwa siku, ikiwa ni mayai, samaki, maharagwe au maziwa. Ugali hufuata iwapo nafasi ingalipo. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Sharti nusu saa ipite.

Hebu fikiria, mpenzi msomaji, maana ya masharti hayo katika nyumba zetu, ambamo mgeni hujulishwa upendo kwa neno "ongeza". Kwetu, kuku akichinjwa kwa heshima ya mwanamume, firigisi ni haki yake. Mnamo Desemba ya 2023 mama alinichinjia jogoo. Firigisi ni nyama ngumu, nami nilitaka kumridhisha mama, nikameza kabla ya wakati. Ilinikwama kifuani. Nilitoka nje na kutapika kando ya banda la ng'ombe. Niliporudi, shangazi yangu alikuwa ameishika sahani yangu iliyojaa. Akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Daktari, chakula cha kwetu siku hizi ni kichungu?" Hakuna funzo la hospitali lililonitayarishia jibu la swali hilo.

Tatu ni kupunguzwa. Ni kweli kwamba daktari alinitenda jambo ambalo nisingeweza kujitenda mwenyewe. Hata hivyo, kazi yake ilichukua saa chache, na mwili una ukaidi wake. Nchini Uswidi ulianzishwa mnamo 1987 utafiti mkubwa uliowafuatilia kwa miaka mingi watu waliofanyiwa aina mbalimbali za upasuaji wa kupunguza uzani. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2014 yalionyesha kuwa, miongoni mwa waliokuwa na kisukari, asilimia 72 walikuwa wameondokewa na ugonjwa huo miaka miwili baada ya kupasuliwa. Baada ya miaka 15, walikuwa wamebaki asilimia 30. Hao bado walikuwa na hali bora kuliko wenzao wasiopasuliwa, ambao kwao idadi haikufika asilimia saba. Upasuaji, basi, una manufaa makubwa, lakini anayeuita tiba ya mara moja na kwisha anajihadaa.

Isitoshe, kisu hakifiki kwenye fikira. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikila kila nilipokuwa na rundo la karatasi za mitihani za kusahihisha. Tumbo langu lilipopunguzwa, rundo lilibaki vile vile, na wasiwasi wangu ukakosa pa kwenda. Wapo wanaougeukia ulevi wakati huo, na hatari yake ni kubwa, kwa kuwa baada ya upasuaji wa aina yangu pombe huingia katika damu upesi zaidi na kwa nguvu zaidi. Mimi nilinusurika kwa kuzungumza na mshauri nasaha, jambo ambalo wanaume wa rika langu huliona kuwa la kuaibisha.

La nne, na ambalo halionekani pichani kamwe, ni kupungukiwa. Chakula kinapochepuka, madini na vitamini navyo huponyoka. Aliyefanyiwa upasuaji huu huwa katika hatari ya kupungukiwa na madini ya chuma, kalisi, vitamini D na vitamini B12, na kwa sababu hiyo humeza vidonge na kupimwa damu maisha yake yote. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo sisi hununua dukani kana kwamba ni peremende, sasa kwangu ni marufuku, kwani zaweza kuleta vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Katika mwezi wa nne nywele zilianza kunyonyoka. Ngozi ya tumbo na ya mikono imebaki ikining'inia kama koti la kuazima.

Kuna na upungufu mwingine. Utafiti mwingine wa Uswidi, uliochapishwa mnamo 2018, uligundua kuwa baada ya upasuaji huu ndoa mpya na talaka huongezeka vile vile. Sikushangaa. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia jioni moja kuwa alikuwa amepungukiwa na mtu wa kula naye. Hakuwa akilaumu. Tulikuwa tumezoea kumaliza siku kwa sahani moja kubwa na mazungumzo marefu. Sasa mimi humaliza kwa vijiko sita, naye hubaki akila peke yake huku akijiona mlafi. Imetubidi tujifunze kukaa mezani hata baada ya sahani kuondolewa.

Nafika sasa kwenye jambo linalonihusu kama mwanaisimu. Nilipotoka hospitalini nilipewa kijitabu cha maagizo cha kurasa kumi na mbili, chote kwa Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na onyo kuhusu hali ambayo Waingereza wameipa jina lenye maana ya kumwaga kama vile lori linavyomwaga mchanga. Nililisoma, nikalielewa kama msamiati, nikapita. Miezi michache baadaye, wakati wa chai katika semina, nilikula andazi moja na kunywa kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Haikupita nusu saa. Moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitiririka, ukumbi ukazunguka, na ikanibidi nijilaze sakafuni mbele ya wanafunzi wangu. Mmoja wao alianza kuomba kwa sauti. Sukari ilikuwa imemwagika ghafla katika utumbo, kama kijitabu kilivyoonya.

Ikiwa mimi mwenye shahada ya uzamifu nilisoma onyo hilo nisilitie akilini, sembuse yule ambaye Kiingereza chake kiliishia darasa la nane? Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe, kadiri inavyowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Maagizo ya maisha mazima yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni ni maagizo nusu. Hapa sisi wa vyuo vikuu hatuwezi kuwanyoshea madaktari kidole peke yao, maana kazi ya kuunda istilahi ni yetu. Kwa upande wao, wenye hospitali na wenye bima wanapaswa kuhesabu vipimo vya damu, vidonge, mtaalamu wa lishe na mshauri nasaha kuwa sehemu ya matibabu. Kumpasua mtu kisha kumwacha ajitafutie hayo ni kumvusha mto nusu.

Nanyi walimu wenzangu, mnaosoma safu hii, chungeni ndimi darasani. Mtoto mnene akipewa jina la mzaha na mwalimu, darasa zima hulipokea kama somo. Mimi niliitwa Pipa tangu darasa la nne, na aliyenibatiza alikuwa mwalimu. Nilipopungua, jina hilo halikupungua nami. Lingali likiniamsha usiku.

Kile kijitabu nilikitafsiri mwenyewe, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mama, nikamsomea mama yangu ukurasa kwa ukurasa. Ile hali ya andazi niliita mmwago. Alicheka, kisha akauliza maswali ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Desemba iliyofuata alichemsha firigisi tangu asubuhi hadi ikalainika, akaikatakata vipande vidogo mfano wa punje za mahindi, akaniwekea katika sahani ya mtoto. Shangazi alitazama, akanyamaza. Nilikula yote, polepole, nao wakaningojea.