Dere, Hiyo Nobu Inazunguka Pande Zote Mbili

Kabla mnirukie: mimi ni mtu wa nganya. Nimewahi kuacha gari tatu zipite stegi nikingoja ile moja yenye mziki. Besi ikigonga kifua naskia poa kama nyinyi. Kwa hivyo hii si hotuba ya mzazi. Kesi yangu ni na kale kakitu kaduara, kadogo kama kifuniko cha soda, kanakaa chini ya dashibodi karibu na goti la dere. Nobu ya besi.

Juzi nilikuwa kiti cha nyuma, natoka Rongai naenda tao, wufa ziko mgongoni kabisa. Kando yangu mama amebeba mtoto. Mtoto analia lakini sauti haiskiki, unaona tu mdomo. Mama akaomba, "Kijana wangu, punguza kidogo." Makanga akamwambia, "Mathe, hii si ambulensi." Gari yote ikacheka. Mimi pia nilicheka, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Kufika Bomas, simu ya dere ikalia. Akanyoosha mkono, akazungusha nobu, besi ikaisha. Sekunde moja! Wimbo uliendelea, hata maneno tukayaskia kwa mara ya kwanza. Mtoto pia tukamskia. Dere akamaliza stori zake, akarudisha nobu mpaka mwisho.

Kumbe inawezekana. Kumbe shida haikuwa mitambo, ilikuwa ni nani anaomba.

Na hiyo ndiyo kazi ya nobu, wasee. Waya wake unaenda moja kwa moja kwa amplifaya ya wufa, ndio upunguze besi bila kuua wimbo. Nyimbo hazirekodiwi sawa: amapiano ina besi yake, gospel ya asubuhi ina yake. Fundi anayejua kazi anaset amplifaya nobu ikiwa imefunguliwa yote, ndio barabarani kazi yako iwe kupunguza tu. Lakini madere wetu wanadhani ni kifaa cha kuongeza peke yake.

Halafu mnalia wufa imeungua. Hebu piga hesabu. Ukiongeza desibeli 3, amplifaya inahitaji nguvu mara mbili. Ukiongeza 6, mara nne. Ukiongeza 12, karibu mara 16. Amplifaya ikishindwa inakata vichwa vya mawimbi, koili ya wufa inapata moto, unaanza kunusa harufu ya plastiki. Hiyo si besi tena. Ni pesa ya tajiri inachomeka.

Wufa inanunuliwa ingine. Masikio je? Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Maana yake ukiwa kwa 89 una saa tano tu. Sasa wewe wa Rongai, na jam yetu, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Jumanne jioni umemaliza ya wiki nzima. Na ni nani aliniambia nganya inaishia 89? Ule mlio wa "ngiiii" unaoskia usiku ukiwa kitandani si mbu.

Utasema sheria iko. Ndiyo, kanuni za kelele ziko tangu 2009. Lakini sheria haikai karibu na goti la dere. Nobu ndiyo inakaa hapo.

Kwa hivyo madere, sisemi mzime. Nganya bila mziki ni basi ya shule. Nasema mtu akiomba, zungusha kidogo, vile mnazungusha mkipigiwa simu.

Na sisi abiria, mama akiomba tena, tuache kucheka. Tuombe na yeye. Makanga anaweza kumdharau mtu mmoja. Gari nzima ya watu 33 wamelipa fare? Atazungusha tu.