Aliyehamishwa Ni Jirani wa Nani?



Yanapotajwa makanisani mwetu mahitaji ya wakimbizi, mawazo yetu huenda Kigoma na Ngara, mbali na Chemba. Tunatia nguo katika gunia, tunatoa sadaka, kisha twarudi nyumbani na dhamiri tulivu. Twasema kazi hiyo ina wenyewe: wapo Wajesuiti, upo Umoja wa Mataifa, ipo Serikali. Fikra hiyo tunaikataa, kwa maana inaigeuza huruma kuwa kazi ya mafundi.

Na tuwatazame hao Wajesuiti wenyewe. Mwaka 1979, watu wengi walikuwa wakiikimbia Vietnam kwa mashua, na wengi wao walikufa baharini. Padre Pedro Arrupe, aliyekuwa Mkuu wa Shirika hilo, aliwaandikia wakuu wenzake wa kanda mbalimbali kuwauliza wangeweza kusaidia nini. Tarehe 14 Novemba 1980 ikaanzishwa Huduma ya Wajesuiti kwa Wakimbizi, ijulikanayo kwa kifupi JRS. Ilijiwekea mambo matatu: kuandamana na wakimbizi, kuwahudumia, na kutetea haki zao. Angalieni kwamba kuandamana nao kumetajwa kwanza, kabla ya kugawa chochote.

Maana ya neno hilo ilionekana hapa nchini. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Walihitaji maji, chakula na dawa, na mashirika mengi yalivileta. Lakini mwaka 1995 JRS ilianzisha pia redio huko Ngara, Radio Kwizera. Redio haishibishi tumbo. Hata hivyo, mtu aliyepoteza nyumba na ndugu ana njaa ya habari za kweli, na wenyeji wanaompokea wanahitaji habari hizo hizo kabla uvumi haujawafanya maadui.

Sasa turudi kwetu. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi aliyevuka mpaka wa nchi yake. Anayehamishwa ndani ya nchi yake haumhusu. Ndiyo maana mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na kanuni hizo hazikusahau wanaoondolewa kupisha miradi mikubwa ya maendeleo.

Watu hao tunao Chemba. Wananchi wa vijiji vya Mombose na Bubutole walitakiwa kuhama kupisha Bwawa la Farkwa, lililokusudiwa kukusanya maji ya Mto Bubu. Bwawa hatulipingi. Uwanda huu wa kati una kiu, na mama anayeamka usiku kwenda kuchota maji hahitaji kufundishwa nasi thamani yake. Tunalolipinga ni neno hili: "Fidia ipo, wanataka nini tena?"

Fidia hupima nyumba, miti na ekari. Nani atapima kaburi la baba lililobaki nyuma? Nani atamlipa mjane kwa jirani aliyezoea kumlindia watoto? Fidia ni haki ya mtu, na anayeipokea hakupewa sadaka. Upendo wetu bado anatudai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli, lakini jembe bila shamba ni mzigo tu begani. Kwa hiyo twawaombeni, viongozi wetu, mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya izijue familia zilizohamia kwake, na izitembelee hata pasipo na cha kuwapelekea. Pili, anayejua kusoma hati za ardhi na za malipo aandamane na asiyejua mpaka ofisi ya kijiji, na ikibidi mpaka wilayani, asimwache peke yake mbele ya meza. Tatu, aliyehamia asikae miaka mitano akiitwa "wa kuja", bali apewe nafasi ya kusema na kuchaguliwa.

Wala tusiulize kwanza kama amebatizwa. Wengi wa jirani zetu hapa ni Waislamu, na JRS haikuanzishwa kwa ajili ya Wakatoliki peke yao. Anayechagua wa kumhurumia kwa dini yake bado hajaelewa mfano wa Msamaria.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana anajitambulisha kwetu kama mgeni. Siku ile hatatutaka stakabadhi za michango ya Kwaresima. Atataka kujua ni nani aliyemfungulia mlango. Basi wiki hii, kabla ya kufunga gunia jingine la nguo za Kigoma, kila Jumuiya na iulize: ni nani aliyehamia kwetu, ambaye jina lake hatujalijua?