KUCHOKA SI KUKOSA IMANI



Leo nina neno kwa watu wa Sericho, na hasa kwako wewe unayevaa sare ya hospitali na moyoni umeshaandika barua ya kuacha kazi.

Soma Hesabu 11. Musa alilemewa na mzigo wa watu mpaka akamwomba Mungu amuue. Mungu hakumkemea wala kumwambia aongeze mfungo. Alimwagiza akusanye wazee 70 wabebe mzigo pamoja naye. Mpendwa, kuchoka si dhambi. Kosa ni kumwachia mtu mmoja mzigo wa watu wengi.

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020 tuliwaita wahudumu wa afya mashujaa. Desemba mwaka huo, Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28, aliuawa na ugonjwa huo. Chama cha madaktari kilisema alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa bila mshahara. Mwezi huo huo wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Julai 2021 Kenya ikatia saini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza. Unashangaa wakitamani kwenda? Shujaa naye hula, hulala, na hulipa karo.

Sasa fikiria hapa kwetu. Muuguzi mmoja akiondoka, mama mwenye uchungu usiku itabidi akimbizwe Garbatulla au Isiolo, na mvua ikinyesha unaijua barabara. Hata hivyo sitamtisha muuguzi kwa neno "wito". Wito haulipi kodi ya nyumba.

Nasema nasi: tuwe wale 70. Akitoka zamu ya usiku, mwache alale. Usimgongee mlango kwa jambo linaloweza kungoja asubuhi. Mpelekee chakula, awe Mkristo au Mwislamu. Muulize anaendeleaje, kisha nyamaza usikilize. Na kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, usibaki nyumbani ukisema unaomba. Nenda, simama, dai muuguzi wa pili na mshahara unaofika kwa wakati. Hayo nayo ni maombi yenye miguu.

Nawe uliyechoka, usione haya kusema umechoka. Musa alisema, na Mungu akamsikia.

Baba, wainue mikono walioshika mikono yetu tukiwa wagonjwa. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha mpigie simu muuguzi mmoja leo.