Samaki wa Baridi na Ndoana ya Manyoya

Sisi tuliozaliwa na harufu ya chumvi puani hatuna mazoea ya kufunzwa uvuvi na watu wa bara. Kwa hivyo nilipopanga chumba Mutuini, huko Dagoretti magharibi ya Nairobi, mahali ambapo mji umekwisha lakini shamba halijaanza, na mama mwenye nyumba akaniuliza, "Mzee, nyinyi watu wa Malindi huvua kwa nzi?" nilicheka kwa sauti. Nilimjibu ya kuwa kwetu huvuliwa kwa kamba, kwa ngisi, kwa dagaa, na kwamba nzi kazi yake ni kumsumbua muuza samaki sokoni.

Hakucheka. Alinikaribisha sebuleni kwake. Juu ya meza karibu na dirisha palikuwa na jiriwa ndogo, si kubwa kuliko kidole gumba, na ndani ya meno yake ndoana ambayo macho yangu ya uzee yaliiona kwa shida. Akaketi, akazungusha uzi mwembamba wa hariri juu ya ndoana, akaweka mkia wa nyuzi tatu za unyoya, akaviringisha uzi mmoja wa manyoya ya tausi kuwa kiwiliwili, kisha akachukua unyoya wa shingo ya jogoo akauzungusha mpaka ukasimama kama ndevu. Fundo, tone la vanishi, basi. Hazikupita dakika tano. Palepale mezani palikuwa na mdudu ambaye, lau angalitua mkononi mwangu, ningalimpiga kofi.

Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka mingi. Hufunga kwa darzeni na kulipwa kwa darzeni. Kiasi cha malipo aliniomba nisikitaje gazetini, nami sikitaji. Wengi wetu hatujui ya kuwa Nairobi na viunga vyake ni moja kati ya mahali panapojulikana duniani kwa kazi hii, na kwamba wavuvi wa Uingereza na Marekani wanaosimama mitoni mwao na nzi wa bandia kofiani huenda wamebeba kazi ya vidole vya Wakenya bila kujua. Nilimuuliza mama yule kama amewahi kumwona samaki anayevuliwa kwa vitu hivi. Akasema hapana. Bibi yake, akaongeza, hakuruhusu samaki kuingia jikoni. Kwa Wakikuyu wa zamani samaki alikuwa karibu ndugu wa nyoka.

Basi neno hilo likaniingia moyoni. Nikaona si vyema mtu kuhesabu ndoana maisha yake yote asijue ziendako. Nikaazimia kwenda kutazama.

Samaki mwenyewe huitwa trauti. Si mwenyeji. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejipatia sifa kwa kuivuka Afrika kutoka Cape mpaka Cairo, alileta mayai ya trauti kutoka ziwa la Loch Leven huko Scotland, na vifaranga vyao vikatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Mgeni huyo, kama wageni wengi wa nchi hii, alipitia Mombasa. Mayai yale hufa yakipata joto, kwa hivyo safari yake yote ilitaka barafu na uangalizi wa kitoto kichanga; na palipokoma njia ya reli, palibaki vichwa na mabega ya watu. Mnamo mwaka 1910 akafuata ndugu yake, trauti wa rangi za upinde wa mvua, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikajenga vituo vya kuzalisha samaki huko Sagana na Kiganjo, na hicho cha Kiganjo kikawa cha trauti.

Sitaki kumtaja Grogan nikapita. Mtu huyu aliyeyahurumia mayai ya samaki, ndiye huyohuyo aliyewachapa viboko Waafrika waliokuwa wakikokota rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, mchana, watu wakitazama, mwezi wa Machi 1907. Alifungwa mwezi mmoja. Ninayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyokuwa pamoja. Mito ile ikawa bustani ya starehe ya watu wachache. Mwenyeji aliyezaliwa ukingoni mwake akawa mbeba mizigo wa mvuvi, au mtu wa kutiliwa shaka kwamba ameiba samaki. Na ilipofika mwaka 1952, mwanzoni mwake binti wa mfalme wa Uingereza alikuwa mgeni katika nyumba ya Sagana, kwenye nchi ya trauti, ndipo alipopata habari kuwa baba yake amefariki na yeye amekuwa malkia. Kabla mwaka haujaisha msitu huohuo ulikuwa umejaa vijana wa Mau Mau wakiyanywa maji yaleyale.

Mwisho wa Agosti, kusi ikiwa inalegea huko kwetu na mabaharia wakiingoja demani, huko Nyandarua baridi ya Julai nayo huanza kuondoka na mito hupungua ikawa safi. Nilikwenda na rafiki yangu mmoja mwalimu, mvuvi wa siku nyingi, tukiwa na vibali vyetu mfukoni, maana mito ya trauti ina sheria zake. Gura ni mto mwenye haraka. Hutoka kwenye nyika ya juu penye ukungu, huanguka kwenye maporomoko ya zaidi ya mita 300, ukitazamana na maporomoko ya Karuru yenye mita 273, kisha hukata bonde refu lenye kuta za mianzi na miti. Ukisimama ndani yake, jua ni ukanda mwembamba juu ya kichwa. Nilitia mguu majini nikautoa. Wallahi, maji yale si maji, ni sindano.

Hapo ndipo nilipovuliwa kiburi changu cha pwani. Mshipi wetu hubebwa na chubwi: unazungusha, unatupa, uzito wa risasi unakwenda na kuuvuta mshipi. Huku ndoana haina uzito wowote, ni manyoya matupu. Kilicho kizito ni mshipi wenyewe, na ufito hupindwa nyuma na mbele kama mjeledi mpaka mshipi ujikunjue hewani. Siri, alivyonifunza mwalimu, ni kungoja. Ukiupeleka nyuma, simamisha mkono, uache mshipi unyooke nyuma yako usikouona, ndipo uulete mbele. Mimi sikungoja. Nilivua mianzi, nikavua kofia ya mwalimu, nikaivua kanzu yangu mwenyewe begani. (Ndiyo, nilivaa kanzu chini ya koti. Mtu asinicheke, ilinifaa kwa baridi.)

Trauti hukaa akiuelekea mkondo, akingoja kinacholetwa na maji. Kwa hivyo humjia kwa nyuma, ukipanda mto, umeinama, kivuli chako kisimtangulie. Nzi aelee kama aliyeanguka kwa bahati mbaya. Akivutwa na mshipi hata kidogo, samaki anajua. Akimeza hutema mara moja, na mvuvi ana muda wa kupepesa jicho tu. Nilipoyaona hayo, dharau yote ilinitoka. Wazee wetu nao hufunga manyoya meupe kwenye ndoana na kuyaburura nyuma ya ngalawa wakimhadaa jodari. Elimu ni ileile. Tofauti ni kwamba Waingereza wameiandikia vitabu. Cha Izaak Walton kilitoka mwaka 1653 na hadi leo kinasomwa. Mvuvi wetu anayejua mwamba kwa kuutazama mlima wa nchi kavu na mnazi mmoja, anayejua samaki gani hula maji yakijaa na gani yakitoka, huzikwa na elimu yake yote, na sisi wenye kalamu tunasoma dua na kurudi nyumbani.

Kuna jambo nililobishana na mwalimu mpaka chai ikapoa. Yeye humvua samaki, humtazama, humrudisha majini. Husema ndiyo njia ya kuuhifadhi mto. Hoja hiyo naielewa, maana samaki hawa ni wachache. Lakini mimi nimelelewa kwamba kiumbe chenye roho hakifanywi mchezo, na Mtume (S.A.W.) alikataza kukifanya shabaha. Mwenye kuvua na ale, na akishapata chakula chake akunje mshipi. Mwalimu hakukubali nami sikukubali. Maulamaa wetu wangefanya vyema kulitazama suala hili, kwani hata huko Watamu na Malindi mashua za watalii huwakamata samaki wakubwa na kuwarudisha baharini.

Ila kwa jambo moja tulikuwa kauli moja. Trauti hawezi kuishi kwenye maji ya uvuguvugu wala ya tope. Ukikatwa msitu, jua huingia mtoni, udongo huteremka, naye huondoka bila kumwambia mtu. Basi asidhani mtu wa pwani kwamba haya ni mambo ya wazungu na mlima wao. Gura huingia Sagana, Sagana huwa Tana, na Tana humwagika Kipini. Na hapo Mutuini nilipopanga hupita kijito cha Motoine, ambacho huwa mto Ngong, kikaingia mto Nairobi, kisha Athi, kisha Sabaki, mpaka Malindi kwetu, ambako kila masika bahari hugeuka rangi ya matofali. Kijito hicho nilikitazama: mifuko, mafuta, maji ya vyoo. Halmashauri zote zinazokipitia zina ofisi na zina magari. Watoto wa Mutuini wana haki ya kusimama ukingoni mwa mto wao wakaona angalau dagaa mmoja, na wale wanaofunga nzi wana haki ya kupelekwa siku moja kwenda kuona zinavyofanya kazi, hata kama ni kwa gharama ya wale wanaozinunua kwa darzeni.

Nilirudi na trauti mmoja. Mmoja tu, tena nadhani alinihurumia. Nilimpika jikoni kwa mama yule, tui la nazi jepesi na ukwaju kidogo, harufu ikawatoa majirani. Kabla sijampika nilimwachia ndoana mdomoni makusudi. Mama alimgeuza kwa ncha ya kisu, akayatazama madoa yake na ule mstari mwekundu wa ubavuni, asiseme neno. Kisha akachukua koleo yake ndogo, akaitoa ndoana, akaifuta kwa kanga, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Manyoya yalikuwa yamelowa na kukatika. Alikuwa akiangalia kichwani, kwenye fundo.

"Uzi umeshika," akasema.