Nunueni Filta, Acheni Kupuliza

Filta ya hewa ya gari ikichoka, inatolewa, inatupwa, inafungwa mpya. Hakuna la zaidi. Lakini pita kwenye gereji zetu za Unguja utamkuta fundi ameshika mpira wa kompresa, anaipuliza filta ile ile aliyoipuliza mwezi uliopita, na mwenye gari kasimama pembeni, karidhika kwamba kaokoa pesa.

Hajaokoa kitu. Vumbi linalokula injini ni jembamba mno: chembe za maikroni 5 hadi 20, na unywele wa mtu una maikroni kama 70. Kazi ya kuzinasa chembe hizo inafanywa na nyuzi za karatasi zilizobanana. Upepo mkali wa kompresa unazitawanya nyuzi, unatoboa mikunjo, na ukipulizwa upande usio wake unausukuma uchafu kule kunakotakiwa kuwa safi. Filta inarudi ikiwa nyeupe, mwenyewe anafurahi, na vumbi limeshapata njia. Karatasi ile si jamvi, ikung'utwe na kutandikwa tena.

Lita moja ya petroli inataka hewa lita 9,000 hivi ili iungue sawasawa. Chukua Noah inayopeleka wageni Matemwe au Michamvi. Barabara kubwa ni lami, lakini vile vipande vya ndani vya kuingilia hotelini ni kifusi cha mawe, na gari la mbele limeshatimua wingu jeupe. Hewa yote hiyo inavutwa kupitia karatasi moja. Vumbi linaloponyoka linaingia kwenye silinda, linachanganyika na oili, na linaanza kusaga ringi na kuta za silinda kidogo kidogo, bila kelele. Halafu siku moja gari linaanza kula oili. Moshi wa buluu unatoka nyuma, mlima mdogo tu unalishinda, na tajiri, mwenye gari, anaambiwa neno asilotaka kulisikia: oveholi. Kwa gharama hiyo angenunua filta za miaka mingi.

Wapo wanaobadilisha filta kwa kutegemea kwamba petroli itapungua, na wasipoona tofauti wanasema wameibiwa. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hili mwaka 2009. Kwenye magari ya kisasa, ambayo kompyuta ndiyo inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini, filta iliyoziba haikuongeza matumizi ya mafuta kwa kiasi cha maana. Ilichopunguza ni wepesi wa gari kuchomoka. Basi filta isihukumiwe kwa geji ya mafuta. Imewekwa kulinda chuma.

Vijana nao wana mtindo wao. Wanang'oa kasha zima la kiwandani na kufunga filta ya koni iliyo wazi chini ya boneti. Mlio wanaupata, hilo hatukatai. Nguvu ndiyo hawaipati. Bomba la kiwandani linavuta hewa kutoka mbele, mbali na joto la injini. Koni iliyo wazi inavuta joto lile lile linalotoka kwenye injini na rejeta. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo umelipa pesa ili injini yako ipate hewa pungufu. Wengine, wakikimbia joto, wanalishusha bomba hadi chini ya bampa. Ikifika masika na maji yakituama barabarani, bomba hilo linakunywa maji. Maji hayabanwi: pistoni ikipanda ikayakuta, konrodi inapinda na injini imekwisha. Mdomo wa bomba uliwekwa juu kwa makusudi, na waliouweka wanazijua injini zao.

Kuhusu filta za pamba zinazopakwa mafuta, tuseme tu kwamba zinataka mkono mzoefu. Mafuta yakizidi yanafika kwenye sensa ya hewa na kuidanganya. Kwa IST ya kwenda kazini na kurudi, au daladala la Bububu, karatasi ya saizi yake ndani ya kasha lake inatosha kabisa.

Saizi yake, tunasisitiza. Filta feki zipo, na njia ya kuzijua ni rahisi: iweke mpya kando ya ile iliyokuja na gari. Mikunjo iwe mingi vilevile, tena iliyopangika, mpira wa pembeni uwe laini na mzima, na ukiielekeza kwenye mwanga kusiwe na tundu. Kisha tazama kasha. Ni makasha mangapi yamevunjika klipu na yamefungwa kwa waya au kipande cha tyubu? Filta nzuri ndani ya kasha linalopumua pembeni ni pesa iliyotupwa, kwa sababu hewa inapita palipo rahisi. Kipimo hakihitaji fundi: zima injini, fungua bomba baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kikitoka na mchanga, kuna tundu mahali, litafutwe siku hiyo hiyo.

Haya yote yanajulikana. Yanakwama kwenye hesabu. Dereva kazi yake kupeleka hesabu ya siku, na injini si yake. Tajiri kazi yake kupokea, na filta haioni. Kila mmoja anangoja mwenzake atoe pesa, na fundi anapuliza kwa sababu ndicho alichoambiwa. Gari lenyewe limekuja kutoka Japani na kitabu cha Kijapani kisichosomwa na yeyote.

Injini ni ya tajiri, basi filta inunuliwe na tajiri, nje ya hesabu, wala dereva asiulizwe. Ikaguliwe kila oili inapomwagwa, na gari linalokanyaga kifusi kila siku likaguliwe katikati yake pia. Anunue mbili leo: moja ifungwe, ya pili ikae chini ya kiti cha dereva ndani ya boksi lake, na fundi aambiwe mbele ya wote wawili kwamba kompresa ni ya matairi.